Andika Kibera, Andika na Jina Langu

Wiki iliyopita msichana mmoja mwenye akili sana alikuja kunisalimia hapa nyumbani, akaniuliza enzi zetu tulikuwa tunajenga kurasa za mtandao na nini. Nikamwambia: ile programu ya kuandikia maandishi inayokuja bure na kompyuta, na lugha ya JavaScript, tupu.

"Tupu kabisa, auntie? Hamkuwa mnashusha kitu mtandaoni cha kuwasaidia?"

"Cha kushusha kilikuwa wapi? Na hata kingekuwepo, laini ya simu ingekatika kabla hakijafika."

Akatikisa kichwa, akasema, "Pole."

Hiyo pole ndiyo imenifanya nikae chini niandike. Siitaki. Nyinyi mnaoanza kazi hii leo, mnaofungua mradi mpya na kabla hamjaandika neno moja tayari kompyuta imejaa vitu vya watu msiowajua, nataka niwaambie kuhusu kiondo nilichojenga mwishoni mwa miaka ya tisini. Kisha mtaamua nani apewe pole.

Naitwa Nekesa. Nilitoka Bungoma nikaja kukaa na dada yangu Kambi Muru, Kibera, na kazi nilipata Riruta Satellite, kule upande wa Kawangware. Nilikuwa nakwenda kwa miguu: unavuka reli, unavuka Ngong Road, unashika njia mpaka Satellite, na mvua ikinyesha unafika na viatu mkononi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kupiga chapa. Barua za kuomba kazi, kadi za harusi, programu za mazishi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la unga, na kwa mlango kulikuwa na kibao kilichosema "Chuo cha Kompyuta", ingawa wanafunzi tungeweza kutosha kwa benchi moja.

Mwenye chuo alikuwa Mwalimu Gathoni. Baba yake, Mzee Njuguna, ndiye aliyekuwa na hiyo ploti tangu zamani, na vyumba vya kukodisha vilivyopangwa nyuma yake. Gathoni alikuwa amefanya kazi kwenye kompyuta za kampuni moja kubwa mjini, miaka mingi, na kila mkutano wanaume waliokuja baada yake wakimwita "yule msichana" na kumtuma chai. Siku moja aliiacha chai jikoni, akachukua mkoba wake, akarudi kwa ploti ya baba yake. Mimi ndiye mtu wa kwanza ambaye Gathoni alimfundisha kwa kupenda mwenyewe. Akikuta umekosea hakukuambia umekosea wapi. Alikuwa anakuuliza swali moja, kisha anaenda kununua ndizi.

Sasa, mlango kwa mlango na dada yangu, kule Kambi Muru, alikuwa akiishi fundi aliyeitwa Okoth. Huyu alikuwa anachonga mifupa. Ananunua mifupa ya ng'ombe kwa mabucha, anaichemsha mpaka mafuta yatoke, anaikata kwa msumeno, anaipiga msasa, kisha anachora kwa nta na rangi. Vitana, vijiko, hereni, shanga. Harufu ya ile mifupa ikichemka sitaisahau, na majirani walikuwa wakimtukana kila asubuhi, lakini kikitoka kitana cha Okoth kimeng'aa, hata wale waliomtukana walikuja kukishika. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la mfupa tangu Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili tu ndiyo ungejua ana nyusi nyeusi.

Vitu vyake vyote alikuwa anauzia mtu mmoja, Bwana Kirimi. Kirimi alikuwa na duka la vinyago mjini na wateja ng'ambo. Alikuwa pia rafiki wa Mzee Njuguna, wanasali kanisa moja. Watu wa mjini walikuwa wamemwambia anaweza kuuza kupitia mtandao, lakini wakamwambia lazima anunue mtambo mkubwa wa kuhifadhi oda na kuwaajiri wao wautunze. Kirimi hakupenda hiyo. Ndiyo akaja Satellite na kompyuta yake kwa buti la gari, na modemu, akafanya laini ya simu ivutwe mpaka chumba chetu.

"Nataka mzungu akae kwake, achague, aweke kando, aendelee kuchagua, mwisho anitumie oda," akasema. "Inawezekana bila ule mtambo?"

Gathoni akanitazama. Mimi nikasema, "Inawezekana." Sikuwa najua kama inawezekana. Nilijua tu kwamba nikisema sijui, kompyuta inarudi kwa buti.

Kwanza jina. Vitabu vilikuwa vinasema hiyo sehemu ya kuweka kando vitu mteja alivyochagua inaitwa mkokoteni. Mimi mkokoteni niliojua ni ule wa kubeba maji na makaa Kawangware, na hakuna mtu anaweka hereni huko. Nikachora kiondo kidogo, kile kikapu chetu cha kusukwa, nikaandika chini yake: Kiondo. Kirimi akasema wazungu hawataelewa. Nikamwambia wataona picha, na wakishindwa kuelewa kikapu basi hata kitana hawatajua cha nini.

Nikaandika siku nyingi. Mteja akibonyeza kitana, kitana kinaingia kiondoni, jumla inaonekana pembeni. Nilifurahi mno, nikamwita Gathoni. Akabonyeza kitana. Sawa. Akaenda ukurasa wa hereni, akarudi. Kiondo kitupu.

"Nani ameiba kitana changu?" akauliza.

Nikamweleza kwamba ukurasa mpya ukifunguka, ule wa kwanza unakufa na kila kitu ulichokuwa umekumbuka. Nikasema labda wale watu wa mjini ni wakweli, labda lazima uwe na mtambo mahali wa kukumbuka. Gathoni akachukua mkoba.

"Wewe ukienda soko la Kawangware, unatoka kwa mama wa nyanya unaenda kwa mama wa sukuma wiki. Kiondo unamwachia mama wa nyanya?"

"Hapana, ninacho mkononi."

"Sasa hapa mkono ni nani?" Akaenda kununua ndizi.

Nilikaa hapo nikitazama skrini mpaka akarudi na ndizi akazimaliza. Kisha nikaona. Wakati huo ungeweza kuugawa ukurasa, ukawa na fremu: ukurasa mmoja wa nje unaobeba mwingine ndani yake. Wa ndani unaweza kubadilika utakavyo, vitana, vijiko, hereni, lakini wa nje uko palepale. Basi kiondo nikakitoa kwa mama wa nyanya, nikaupa ule ukurasa wa nje ukishike. Nikabonyeza kitana, nikaenda hereni, nikarudi. Kitana kilikuwa kinaningoja. Nilipiga kelele mwenye duka la unga akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Msidhani iliisha hapo. Kuna siku Gathoni aliweka kijiko kimoja, akaongeza kimoja tena, kiondo kikasema ana vijiko kumi na moja. Mnacheka kwa sababu nyinyi mlishaambiwa. Mimi sikuambiwa na mtu. Kumbe alichoandika mteja kwenye kisanduku cha idadi JavaScript inakiona kama maandishi, si namba, na ukiiambia ijumlishe maandishi inayabandika tu, moja kando ya moja. Lazima uigeuze iwe namba kwanza. Tena na jumla za dola na senti zilikuwa zinaleta mkia mrefu wa tisa, tisa, tisa, kama mtu aliyelala juu ya kibodi. Nikaacha dola. Nikahesabu kila kitu kwa senti, namba nzima, na nikaweka nukta mwisho kabisa, wakati wa kuonyesha. Hiyo fanyeni mpaka leo. Hata kama kuna kitu cha kushusha kinachowafanyia, jueni kinafanya nini.

Na oda? Mteja akimaliza, ukurasa ulikuwa unaandika orodha yake yote kwenye barua pepe, yeye anabonyeza kutuma tu. Hakuna mtambo. Duka lote, picha ndogondogo na kila kitu, lilikuwa linaingia kwenye disketi moja. Hilo la disketi lishikeni, kwa sababu ndilo lililotuokoa.

Nilipofika mahali pa kuandika maelezo ya kila kitu, nilimuuliza Okoth. Ilikuwa Jumapili, amevaa shati safi, amekaa nje ya mlango wake.

"Okoth, kwa hiki kitana niandike nini?"

Akafikiri. "Andika kimetengenezwa na Okoth wa Kambi Muru, Kibera."

"Hivyo tu?"

"Sista, mimi nimetengeneza hivi vitu tangu niwe kijana. Sijawahi kuona mahali vimeandikwa jina langu. Andika Kibera, andika na jina langu."

Nikaandika. Nikawaendea na mafundi wengine wawili watatu wa pale, na akina mama wa Kawangware waliokuwa wakimsukia Kirimi viondo, wote nikawaandika, kila mtu na kazi yake na mtaa wake.

Kirimi alikuja kuangalia. Alifurahia kiondo, akabonyeza na kubonyeza kama mtoto. Halafu akasoma.

"Hii Kibera ni ya nini?"

"Ndiko vinatoka."

"Nekesa, mzungu akisikia Kibera anaona maji taka. Andika tu vimetengenezwa kwa mkono Afrika. Na haya majina toa. Mteja hanunui jina la fundi."

Nikamwambia sitatoa. Sijui nilitoa wapi huo ukali. Nilikuwa mtu wa kupiga chapa programu za mazishi. Lakini nilikuwa nimeona uso wa Okoth ile Jumapili, na pia nilikuwa nimekaa Kibera miaka, nikienda kuomba kazi nikiulizwa unaishi wapi, nasema "karibu na Nyayo Highrise", ule mtaa wa maghorofa ulio jirani. Wote tulikuwa tunasema karibu na Nyayo Highrise. Nilikuwa nimechoka kuishi karibu na mahali.

"Hii ni kompyuta yangu," akasema Kirimi.

"Kompyuta ni yako," nikasema. "Nilichoandika ni changu."

Akacheka, akamgeukia Gathoni akitarajia anikemee. Gathoni akasema, "Umemsikia."

Kesho yake akaja na vijana wawili wakachukua kompyuta, modemu, hata waya wa stima. Laini ya simu ikakatwa. Na nafasi aliyokuwa amelipia kule mtandaoni, duka letu lilipokaa, ikafungwa. Halafu akapeleka habari Kibera na Kawangware: fundi yeyote ambaye jina lake liko kwa hiyo kitu ya Nekesa, asilete tena mzigo.

Hapo ndipo nilipoogopa. Mimi ningeweza kurudi kwa kadi za harusi, lakini Okoth alikuwa na watoto shuleni, na mifupa kwa sufuria. Akina mama wa viondo walikuja Satellite wakaniomba niwatoe, na niliwatoa wote kwenye nakala yangu ya disketi, maana njaa haikuwa yangu, ilikuwa yao. Mafundi wengine nao wakatoka. Nikaenda kwa Okoth nikamwambia nimtoe na yeye.

Alikuwa anapiga msasa. Hakuinua kichwa.

"Umeniandika vibaya?"

"Hapana."

"Kuna uongo?"

"Hakuna."

"Basi wacha."

Mkewe alikuwa ndani, anasikia. Nilimngoja atoke aniseme. Alitoka, akaniletea chai, akaketi. "Huyo mtu alikuwa anatupimia bei kama anatusaidia," akasema. "Wacha tuone."

Mzee Njuguna naye alikuja chuoni, fimbo mkononi, akasimama mlangoni. Alimwambia Gathoni kwamba Kirimi ni rafiki yake, kwamba amemwaibisha, na kama anataka kukaa kwa hiki chumba basi amwombe msamaha na mimi nifukuzwe. Walizungumza Kikuyu, lakini hilo nililielewa. Gathoni alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, amesimama. Kisha akamjibu kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie.

"Baba, huko mjini walikuwa wananituma chai na nilivumilia sana kabla niondoke. Usinifanye niondoke na hapa."

Mzee akageuka na fimbo yake. Akaondoka zake. Suala la chumba hakuwahi kulizungumzia tena, na kwa mwaka mzima, kwa aibu, hakumsalimia Kirimi kanisani wala hakumsalimia Gathoni vizuri.

Sasa disketi. Kirimi alichukua mashine akadhani amechukua duka. Angekuwa sahihi kama tungefanya vile wale watu wa mjini walitaka, duka likae ndani ya mtambo wa mtu, na ufunguo uwe kwake. Lakini JavaScript ile ilikuwa inafanya kazi ndani ya brauza ya mteja, ile programu anayofungulia kurasa. Haikuhitaji kuomba ruhusa ya mtu. Nilikuwa nayo yote kwa mkoba wangu, imefungwa kwa kitambaa isipate vumbi. Siku hizo sehemu unazolipia kutumia mtandao zilikuwa zimeanza kufunguliwa mjini, na kulikuwa na kampuni za ng'ambo zinazotoa nafasi ya bure ya kuweka kurasa. Nikaenda, nikaketi, kwenye ile JavaScript nikabadilisha mahali pamoja tu: anwani ya barua pepe ya Kirimi nikatoa, nikaweka ya Gathoni. Duka likarudi hewani na fundi mmoja. Juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko nilizokuwa nimetumia kwanza, niliandika KIBERA.

Hakuna kilichotokea. Hii ni sehemu ambayo wazee wenzangu huiruka wakiwasimulia. Wiki zilipita. Nilikuwa naenda mjini Ijumaa kuangalia barua, narudi, na Okoth ananiona tu kwa jinsi ninavyotembea, hata haulizi. Alianza kuuza vijiko kwa barabara, kwa watu wanaotoka kazini. Nilijua jirani mmoja alimwambia nimemroga.

Kisha oda ikaja. Mwalimu wa shule huko mbali, mama mmoja, ametaka hereni za darasa lake zima la wasichana waliokuwa wanamaliza masomo. Chini ameongeza maneno: je, Bwana Okoth anaweza kuwaambia wasichana anazitengenezaje? Niliisoma nikiwa nimesimama. Nikaichapisha, nikatembea kutoka mjini mpaka Kambi Muru, nauli ilikuwepo lakini miguu ilikataa kukaa.

Okoth alinifanya niisome mara kadhaa. "Amesema Bwana?"

"Bwana Okoth."

Akanipa maelezo yote, kuanzia bucha, nami nikayaandika na kuyatuma. Hereni zikaenda kwa posta. Baada ya hapo oda ziliendelea, si mvua, manyunyu. Zilitosha watoto kubaki shuleni. Na mafundi wawili wakarudi wenyewe: "Nekesa, ebu niandike tena."

Mwisho wake nilikuwepo, nikauona kwa macho. Nilikuwa nimeketi na mke wa Okoth siku ya kazi, nikamwona Kirimi akija kwa ile njia nyembamba, akirukaruka mtaro na viatu vyake vizuri. Hakuwa amewahi kufika pale kabla ya siku hiyo. Mafundi ndio walikuwa wanampelekea. Alisimama kwenye vumbi la mfupa, likampanda mpaka magotini.

"Sasa, Okoth," akasema.

"Poa," akasema Okoth, na msasa ukaendelea.

Kirimi akaeleza. Kuna mteja wake wa zamani, mwenye duka kubwa ng'ambo, ameona kitu kwa kompyuta. Anataka mzigo mkubwa, tena anataka ule wa Okoth wa Kibera, si mwingine. Amepiga simu kuuliza kama Kirimi anamjua.

"Ulimwambia unanijua?"

"Nilimwambia wewe ni fundi wangu."

Okoth akaweka msasa chini. "Mimi si fundi wako. Lakini mzigo nitakupa. Bei nitasema mimi. Na kila kitu kitaandikwa jina."

Wakabishana, Kirimi akinitazama mara kwa mara kama mimi ndiye niliyemroga, lakini mteja alikuwa ameshataja jina na halikuwa na namna ya kurudi mdomoni. Wakakubaliana. Okoth akachukua kitana kilichokuwa tayari, akakigeuza upande wa nyuma, akachukua kisu chake chembamba, akaanza kuchora hapohapo, herufi moja baada ya nyingine: OKOTH, na chini yake KIBERA. Herufi zilijaza mgongo wote wa kitana, kutoka pembe hadi pembe.

Kirimi akakishika, akakitazama.

"Maandishi ni makubwa sana," akasema. "Punguza kidogo basi."

Okoth akapuliza vumbi, akavuta kitana kingine.

"Hapana," akasema. "Hiyo ndiyo saizi yake."